Meza ya Mpelelezi na Mnyang'anyi: Tahakiki ya Filamu ya L.A. Takedown kwa Macho ya Meru na Embu

Utangulizi

Hadithi za upelelezi hazijapata heshima kubwa mbele ya wahakiki wa Kiswahili. Aghalabu hutiwa katika kapu moja na vijitabu vya kusomwa garini, ambavyo msomaji huviacha kitini safari inapokwisha. Dharau hiyo ina sababu zake, na baadhi ya sababu hizo ni za haki: nyingi katika hadithi hizi zimeandikwa kwa haraka, wahusika wake hawakui, na matukio hufuatana kwa sababu mtunzi ameyataka yafuatane. Hata hivyo, fani inayopendwa na watu wengi kiasi hicho haiwezi kuachwa bila kuulizwa inasema nini. Kila hadithi ya upelelezi, iwe nzuri au mbovu, hujibu maswali mawili mazito: nani ana haki ya kumfukuza mwenziwe, na anayefukuzwa ana haki gani ya kusema.

Makala haya yanakusudia kuichambua filamu moja iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni ya Marekani, nayo ni L.A. Takedown ya mwaka 1989, na kuiweka kando ya hadithi za upelelezi za Kiswahili. Uchambuzi unafanywa kutoka upande wa mashariki wa Mlima Kenya, yaani Meru na Embu, mahali ambapo Kiswahili si lugha ya kwanza ya wenyeji walio wengi, bali ni lugha iliyokuja na barabara, soko, shule na kituo cha polisi. Swali linaloongoza uchambuzi ni hili: je, mpelelezi na mnyang'anyi wanaweza kuzungumza kwa Kiswahili? Si kuhojiana, wala si kuamrishana, bali kuzungumza.

Filamu na chimbuko lake

L.A. Takedown iliandikwa na kuongozwa na Michael Mann, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kujipatia jina kwa mfululizo wa televisheni wa Miami Vice. Ilionyeshwa na shirika la NBC tarehe 27 Agosti 1989. Kwanza ilikusudiwa iwe kielelezo cha mfululizo mpya, lakini mfululizo huo haukufanyika, na kazi yote ikabaki kuwa filamu moja tu. Ilipigwa kwa siku 19. Haraka hiyo inaonekana: baadhi ya waigizaji hutamka maneno yao kama watu waliokabidhiwa karatasi asubuhi ile ile, na matukio yaliyohitaji nafasi yamebanwa yakakosa pumzi.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Sajini Vincent Hanna, aliyeigizwa na Scott Plank, ni mpelelezi wa polisi wa Los Angeles. Patrick McLaren, aliyeigizwa na Alex McArthur, ni kiongozi wa kundi la wanyang'anyi wenye nidhamu na ujuzi. Kundi hilo linavamia gari la kubebea fedha, na mmoja wao, Waingro, anawaua walinzi pasipo haja. Hapo mambo mawili yanaanza kwa pamoja: Hanna anaanza kumfuata McLaren, na McLaren anaanza kumtafuta Waingro ili amwadhibu. Unafuata wizi wa benki na mapigano ya risasi barabarani. Mwishoni McLaren anakufa, lakini hafi kwa mkono wa Hanna. Anauawa na Waingro, mtu wa kundi lake mwenyewe.

Katikati ya mbio hizo kuna onyesho moja ambalo ndilo roho ya filamu. Hanna na McLaren wanaketi kwenye meza moja na kunywa kahawa. Kila mmoja anajua mwenziwe ni nani. Hawadanganyani wala hawabembelezani. Kila mmoja anakiri kwamba kazi aifanyayo ndiyo kazi aijuayo, na kwamba siku wakikutana kazini hakuna atakayesita kumpiga mwenziwe risasi. Kisha wanaachana.

Onyesho hilo halikutoka katika ubunifu mtupu. Mann alilipata kwa Chuck Adamson, aliyekuwa mpelelezi wa polisi wa Chicago. Adamson alimfuatia mnyang'anyi aliyeitwa Neil McCauley, mtu aliyekwisha kufungwa katika gereza la Alcatraz, na mwaka 1963 alikutana naye akanywa naye kahawa. Mwaka uliofuata, 1964, McCauley aliuawa na polisi baada ya wizi katika duka kubwa mjini Chicago, na Adamson alikuwamo katika msako huo. Mann alikuwa na mswada mrefu wa kisa hiki tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1995 alikirudia kwa fedha nyingi na nafasi ya kutosha katika filamu ya Heat, iliyoigizwa na Al Pacino na Robert De Niro. Humo mnyang'anyi amerudishiwa jina la McCauley, na mpelelezi ndiye anayemuua.

Wahakiki wengi huitaja L.A. Takedown kama rasimu tu ya Heat. Kwa upande wa ufundi wa picha na uigizaji hukumu hiyo ni ya kweli. Kwa upande wa maudhui, hata hivyo, filamu ndogo ina jambo ambalo kubwa imelipoteza. Katika Heat, kifo cha mnyang'anyi mkononi mwa mpelelezi kimepambwa hata kikawa kama tambiko baina ya mashujaa wawili. Katika L.A. Takedown McLaren anakufa kwa sababu alirudi kulipa kisasi kwa mtu asiye na thamani, ilhali angeweza kwenda zake. Hakuna utukufu hapo. Kuna mtu aliyeijua kanuni yake mwenyewe akaivunja, na kanuni ikamlipiza.

Mpelelezi wa Kiswahili na adui zake

Iwapo filamu hii italetwa mbele ya hadithi za upelelezi za Kiswahili, jambo la kwanza litakaloonekana ni kwamba Kiswahili kina wapelelezi wengi mashuhuri, lakini hakina mnyang'anyi hata mmoja anayekumbukwa kwa jina kama wao.

Mpelelezi wa kwanza kwa heshima ni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mtunzi wa Unguja. Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotangulia katika mfululizo wake, kilichapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda katika mashindano ya uandishi yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau. Bwana Msa na kiko chake, na sahibu yake Najum, wana undugu ulio wazi na Sherlock Holmes na Daktari Watson, lakini mtunzi amewatia katika maisha ya Unguja hata wakawa wenyeji. Nguvu ya Bwana Msa ni akili. Kwake uhalifu ni fumbo, na kiini cha fumbo hilo aghalabu ni siri ya nasaba: nani mtoto wa nani, nani alimficha nani. Mhalifu katika hadithi hizi ni jawabu la fumbo. Anangojewa mpaka mwisho, na afichuliwapo, kazi yake katika hadithi imekwisha.

Faraji Katalambulla, kwa Simu ya Kifo ya mwaka 1965, aliihamishia fani hii mjini, mahali pa polisi rasmi, magari na simu. Katika miaka ya 1970 Elvis Musiba alimleta Willy Gamba, mpelelezi wa serikali, katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974 na vitabu vilivyofuata. Kwa Gamba uhalifu si fumbo tena, bali ni hujuma. Adui ni wakala wa wale wanaopinga ukombozi wa kusini mwa Afrika, na kumshinda ni wajibu wa kizalendo. Ben Mtobwa alifuata na Joram Kiango, mpelelezi wa kujitegemea mwenye maneno laini na mkono mwepesi, pamoja na Nuru wake. Kwa Kiango pia, adui ni hatari inayopaswa kuondolewa.

Fumbo, hujuma, hatari: hizi ndizo sura tatu za mhalifu katika fani hii, na katika sura zote tatu mhalifu hana la kusema ila ungamo au tisho. Bwana Msa humfafanua mbele ya hadhira, Gamba humpiga, naye Kiango humzidi ujanja. Hakuna anayeketi naye. Hili si kosa la mtunzi mmoja. Kila mtunzi alikuwa na sababu zake, na sababu za Musiba hasa, katika miaka ambayo vita vya ukombozi vilikuwa vikipiganwa kweli, si za kubezwa. Lakini jumla yake ni kwamba msomaji wa Kiswahili amefundishwa kwa miongo kadhaa kumtazama mhalifu kutoka nyuma ya bega la mpelelezi.

Nchini Kenya mnyang'anyi alipata ulimi, lakini aliupata katika lugha nyingine. John Kiriamiti, aliyehukumiwa kifungo mwaka 1971 kwa unyang'anyi, aliandika akiwa gerezani My Life in Crime, na kitabu hicho kilipotoka mwaka 1984 kilisomwa na Wakenya wengi mno. Humo mnyang'anyi anasema "mimi". Kabla yake Meja Mwangi, mzaliwa wa Nanyuki, jirani ya Meru, alikuwa ameonyesha katika Kill Me Quick ya mwaka 1973 jinsi vijana wawili waliosoma wanavyosukumwa na njaa ya mjini hadi wizini na gerezani. Vitabu vyote viwili ni vya Kiingereza. Hivyo mgawanyo wa ajabu umetokea: mpelelezi amesema Kiswahili, na mnyang'anyi amesema Kiingereza. Hawa wawili hawawezi kukutana kwenye meza moja, maana hawamo katika rafu moja.

Televisheni nayo haikuuziba upengo huu mapema. Mwaka ule ule wa 1989 ambamo L.A. Takedown ilionyeshwa Marekani, Sauti ya Kenya ilirudishiwa jina la Shirika la Utangazaji la Kenya. Mchezo wa Kiswahili uliomwonyesha mwizi mara nyingi zaidi kuliko mwingine wowote katika idhaa hiyo ni Vioja Mahakamani, na humo mwizi huletwa kizimbani ili achekwe. Mfululizo wa Crime and Justice, uliotengenezwa Nairobi na kutolewa mwaka 2021 ukiwa na waigizaji Sarah Hassan na Alfred Munyua, umethibitisha kwamba mpelelezi wa Kenya anaweza kusimama katika picha kwa ustadi. Hata hivyo, swali la lugha ya mezani bado limebaki pale pale.

Lugha ya kufukuza

Ni hapa ambapo Meru na Embu zina la kufundisha. Katika sehemu hizi Kiswahili hakikukua nyumbani. Nyumbani kuna Kimeru na lahaja zake, kama vile Kiimenti, Kitigania na Kiigembe. Kuna Kiembu na Kimbeere. Kiswahili kilisikika kwanza kwa wengi katika vinywa vya watu wa kazi: mfanyabiashara, dereva, karani, na zaidi ya wote askari. Askari wa kikoloni aghalabu alitoka mbali, hakujua lugha ya mahali, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri. Katika miaka ya hali ya hatari, kuanzia Oktoba 1952 hadi Januari 1960, Kiswahili hicho cha "simama", "leta kipande" na "kaa chini" kiliingia hata katika vijiji vilivyokuwa havijawahi kukihitaji.

Historia hiyo inaleta tatizo kubwa kwa mtunzi wa hadithi ya upelelezi. Serikali ya kikoloni iliwaita wapiganaji wa msituni magenge ya majangili na wauaji. Mmoja wa waliofukuzwa kwa majina hayo ni Musa Mwariama wa Meru. Hakukamatwa. Alitoka msituni mnamo Desemba 1963, wakati wa uhuru, akapokewa na Jomo Kenyatta. Mwenziwe Baimungi Marete alirudi msituni baada ya kuona ahadi hazikutimizwa, na mwaka 1965 akauawa na majeshi ya serikali ile ile iliyozaliwa na uhuru. Kwa msomaji wa Meru, basi, jina ambalo mfukuzaji anampa mfukuzwa si ushahidi. Baba yake au babu yake aliwahi kuona jina hilo likibadilishwa kwa siku moja, na kisha likarudishwa.

Hata maneno yenyewe yanastahili kuangaliwa. Kiswahili kina mwizi, mnyang'anyi, mporaji, jambazi, mhalifu. Neno jambazi, ambalo magazeti ya Kenya hulipenda sana, huhusishwa na neno la Kiajemi lenye maana ya mtu anayeuchezea uhai wake; maana hiyo inawafaa Hanna na McLaren kwa pamoja, si mnyang'anyi peke yake. Lakini jambo la maana zaidi ni la kisarufi. Kitenzi "aliiba" kina wakati ndani yake: jambo lilitendeka, likapita, na linaweza kufuatwa na kitenzi kingine, kama vile "alilipa" au "alirudisha". Nomino "mwizi" haina wakati. Anayeitwa mwizi ameitwa hivyo kwa jana, leo na kesho. Kiambishi kimegeuza tendo likawa tabia ya mtu.

Tofauti hii si mchezo wa darasani. Katika soko la mji wowote wa Kenya, Embu na Meru zikiwamo, nomino hiyo moja ikipigwa kwa sauti kubwa inatosha kukusanya umati, na watu wameuawa kwa mawe na kwa moto kabla ya mtu yeyote kuuliza kilichoibwa ni nini. Sheria nayo ina nomino zake. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kimeweka adhabu ya kifo kwa wizi wa kimabavu. Umati na hadithi ya upelelezi ya kawaida vina mwenendo mmoja: vyote viwili humpokea mtu akiwa amekwisha kugeuzwa nomino.

Meza ya kahawa katika L.A. Takedown inapendeza kwa sababu inausimamisha mwenendo huo kwa dakika chache. Mpelelezi anamsikiliza mtu, si nomino. Lakini uchambuzi wa haki hauna budi kusema pia kwamba filamu haifiki mbali. Hanna na McLaren wanaketi kwa usawa kwa sababu kila mmoja amekubali kuwa nomino: huyu ni mpelelezi na yule ni mnyang'anyi, hawajui kuwa kitu kingine, na hawataki. Wanaheshimiana kama mafundi wa ufundi mmoja uliogawanywa nusu kwa nusu. Heshima hiyo ina uzuri wake, lakini imefunga mlango wa kila kitenzi isipokuwa kimoja, nacho ni kuua.

Kiti cha tatu

Kasoro kubwa zaidi ya meza hiyo ni kwamba ina viti viwili tu. Walinzi wa gari la fedha wameuawa mwanzoni mwa filamu. Majina yao hayakai kichwani mwa mtazamaji, wajane wao hawaonekani, na hakuna mtu anayeketi mezani kwa niaba yao. Filamu inamwomba mtazamaji ausikitikie upweke wa wanaume wawili hodari, na mtazamaji anakubali, kwa sababu ametolewa mbele yake kila mtu ambaye angeweza kumkatiza. Hata wanawake wa filamu, Lillian wa Hanna na Eady wa McLaren, wamewekwa humo ili kupima kiasi cha upweke huo. Hawana neno juu ya damu iliyomwagika.

Hapa ndipo mila za mashariki ya Mlima Kenya zinapoweza kuisahihisha Hollywood, pasipo kuzipamba kupita kiasi. Katika mabaraza ya wazee wa Meru, yakiongozwa na Njuri Ncheke, kesi ya wizi haikuwa jambo la watu wawili. Aliyeibiwa alikuwapo. Ukoo wa mshtakiwa ulikuwapo, maana fidia ilikuwa mzigo wa ukoo. Pale ambapo ukweli haukujulikana, kiapo kilitumika, na hofu ya kiapo iliwagusa wote. Shabaha ilikuwa kukipata kitenzi kinachofuata: kurudisha, kulipa, kupatana. Si kwamba jamii za zamani zilikuwa na huruma isiyo na mwisho. Kwa majirani zao Wakamba, mtu aliyeshindikana aliweza kuuawa kwa hukumu ya jamii yote, iitwayo kingole. Lakini kifo hicho kilikuwa mwisho wa mazungumzo marefu, na jamaa zake mwenyewe walipaswa kuridhia. Hapakuwa na nafasi ya mfukuzaji mmoja na mfukuzwa mmoja kuyamaliza peke yao kwenye kahawa.

Ni jambo la kufaa kukumbuka hapa jina la H. E. Lambert. Alikuwa mkuu wa wilaya ya Meru katika miaka ya 1930, na ndiye aliyeifanya serikali ya kikoloni iyatambue mabaraza ya Njuri. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtu huyo huyo alichapisha uchunguzi wake juu ya lahaja za Kiswahili za pwani, zikiwamo Kivumba, Chichifundi na Kijomvu. Mtawala aliyejifunza jinsi Wameru wanavyomhukumu mwizi ndiye mtaalamu aliyesikiliza jinsi watu wa Vumba wanavyosema. Wanafunzi wa lugha humsoma Lambert wa lahaja, na wanafunzi wa historia humsoma Lambert wa Meru. Si aghalabu wawili hao kusomwa pamoja. Lakini utengano huo ndio uliokwamisha hadithi ya upelelezi pia: mambo ya lugha yamewekwa huku, mambo ya haki yamewekwa kule.

Vioja Mahakamani, mchezo ambao wasomi hawakuujali, una kiti hicho cha tatu. Mlalamikaji huingia, hueleza kilichompata, hubishana na mshtakiwa, na hakimu husikiliza. Ni kweli kwamba kila mmoja huchekesha kwa lafudhi ya kabila lake, na kicheko hicho mara nyingine ni cha bei rahisi. Hata hivyo, katika mpangilio wake, mchezo huo una haki zaidi kuliko meza ya Hanna na McLaren. Kinachokosekana ndani yake ni uzito. Kinachokosekana katika L.A. Takedown ni mlalamikaji. Mtunzi wa Kiswahili anayetaka kuandika mchezo wa upelelezi wa televisheni anaweza kujifunza kwa vyote viwili.

Mchezo ungekuwaje

Mchezo wa namna hiyo ukiwekwa katika barabara ya Embu kwenda Meru, mtunzi atalazimika kuamua jambo ambalo Mann hakuhitaji kuliamua: wahusika wanasema lugha gani, na lini. Hanna na McLaren wana Kiingereza kimoja. Mpelelezi wa Meru na mnyang'anyi wa Meru wana lugha mbili baina yao, na kila moja ina kazi yake. Mnyang'anyi akimwita mpelelezi "afande", mazungumzo yako kituoni hata kama miili yao iko hotelini mbele ya chai na mandazi. Akimwita "mucore", neno la Kimeru la rafiki, mazungumzo yamehama, na mpelelezi hana budi kuamua kama atahama nayo. Mtunzi mwenye sikio ataona kwamba hapo pana mapambano makali kuliko mapigano ya risasi, na kwamba hayahitaji hata shilingi moja ya fataki.

Lakini isidhaniwe kwamba lugha ya mama ni ya upole daima na Kiswahili ni cha ukali daima. Kugeukia Kimeru kunaweza kuwa hila: ni njia ya kumkumbusha mpelelezi ukoo wake ili asahau wajibu wake, na ni njia ya kumfungia mlango mtu wa tatu. Na huyo mtu wa tatu, katika miji hii, mara nyingi si wa lugha hiyo. Aliyeporwa anaweza kuwa Mkamba mwenye duka, Msomali mwenye lori, au Mmbeere aliyeleta mbuzi sokoni. Akiketi mezani, Kimeru kinakoma na Kiswahili kinaanza, si kwa sababu askari ameamrisha, bali kwa sababu pamekuwapo mtu ambaye bila Kiswahili hatasikilizwa. Kiswahili hicho si cha kituo. Ni kile cha kaunta ya duka na cha ndani ya matatu, ambacho watu wa nyumba mbalimbali wamekifanya chao kwa kukitumia.

Hili ndilo jibu la swali lililoulizwa mwanzoni. Mpelelezi na mnyang'anyi wanaweza kuzungumza kwa Kiswahili, lakini kwa masharti: asikosekane yule aliyeumizwa. Wakiwa wawili peke yao, Kiswahili katika sehemu hizi kina hatari ya kurudia kazi yake ya zamani ya kuamrisha, au kuachwa kando kabisa. Wakiwa watatu, kinapata kazi ambayo hakuna lugha nyingine ya mahali inayoweza kuifanya kwa usawa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo ukiishia katika fomu za kituo cha polisi, utakuwa umeongeza muhuri tu juu ya Kiswahili cha amri.

Hitimisho

L.A. Takedown ni filamu yenye kasoro nyingi, iliyofanywa kwa haraka na kufunikwa na ndugu yake mkubwa. Thamani yake ni meza moja. Kwa meza hiyo imeonyesha kwamba hadithi ya upelelezi inaweza kufanya zaidi ya kukamata, na kwamba anayefukuzwa anaweza kusema pasipo kuungama wala kutisha. Waandishi wa upelelezi wa Kiswahili, kuanzia Abdulla hadi Mtobwa, wana akili, ucheshi na uzalendo ambao Mann hana, lakini meza hiyo hawakuiweka. Wala si lazima waiweke jinsi alivyoiweka yeye, kwa viti viwili na kwa wafu waliosahauliwa.

Kwa wanaofundisha fasihi, kuna la kufanya hata kabla mchezo huo haujaandikwa. Hadithi za upelelezi zinafaa kusomeshwa kwa swali la nani anasema, anasema lugha gani, na nani hayupo. Mwanafunzi wa Embu au Meru atalielewa swali hilo haraka kuliko istilahi nyingi za uhakiki, kwa sababu amekulia mahali ambapo kila siku hulazimika kuchagua lugha ya kumwitia mwenziwe. Amewahi pia, huenda, kusimama sokoni na kusikia nomino moja ikipigwa kelele, akaona watu wakianza kukimbia. Fasihi itakayomzoeza kuuliza kitenzi kabla hajaokota jiwe itakuwa imefanya kazi yake, hata kama wahakiki wataendelea kuiita fasihi ya garini.